Kinachopasua sanamu ya udongo ni maji

Tembo wangu wa kwanza alipasukia motoni, hapa Lubumbashi, na vipande vyake vikavunja viboko wawili waliokuwa kando. Nililaumu udongo. Kumbe udongo wa kichuguu, huu huu tunaofyatulia matofali, unafaa sana kwa sanamu ndogo, maana mchwa wameshaupandisha ukiwa laini. Mimi huuponda, huuloweka siku kadhaa, huuchuja mizizi na changarawe, kisha huukanda pamoja na unga wa vigae vilivyotwangwa ili usinywee sana.

Kosa lilikuwa unene. Yule tembo hakuwa na uwazi ndani, tumbo lote donge kama ngumi. Wengi husema hewa ndiyo inayopasua, lakini ni maji: yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia huvunja ukuta. Siku hizi nikishamfinyanga mnyama namwacha akazike kidogo, namkata katikati kwa waya, namkomba ndani kwa kijiko mpaka ukuta ubaki sentimita 1 hivi. Halafu nakwaruza kingo, napaka uji wa udongo, naunganisha, natoboa tundu chini ya tumbo. Masikio nayabandika mwili ungali na unyevu. Sikio bichi juu ya kichwa kikavu litadondoka, hata ulipake uji kiasi gani.

Kukausha ndiko kunakohitaji moyo. Upepo wa Juni na Julai hapa kwetu ni mkavu, hukausha miguu na mkia kabla ya tumbo, na nyufa huanzia hapo. Funika kwa mfuko wa plastiki, ufunue kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Wakati wa mvua shida ni kinyume: sanamu inaonekana kavu, kumbe bado. Iguse kwa shavu. Ukihisi ubaridi, maji yamo.

Hata ikikauka, usiitupe motoni moja kwa moja. Naziweka kwanza kando ya mbabula, yaani jiko la makaa, nazigeuza mpaka zipate joto pande zote, ndipo nazipanga juu ya makaa na kuzifunika kwa kuni. Zitatoka na mabaka meusi pale moshi ulipozikamata. Mimi nayapenda, siyafuti. Ila usizifukue zikiwa na moto, baridi ya ghafla huzipasua. Mimi huziacha ndani ya majivu mpaka asubuhi.