Ngazi ibaki, zege liondoke
Pole mwalimu, na mtoto aliyeanguka kwenye ngazi ya kuchezea hapo shuleni apone haraka huo mkono. Ila ngazi ya kupandia usiing'oe kama wazazi wanavyodai. Watoto watahamia ukutani, tena bila wa kuwaangalia. Tatizo ni zege lililo chini yake. Livunje, ujaze mchanga laini sentimita 30. Kwa ngazi ya mita 1.2 usiachie mchanga ushuke chini ya sentimita 23. Uchimbuliwe kwa reki mara kwa mara, maana mvua ikipita hushikana ukawa kama tofali.

Kisha chukua futi kamba. Uwazi wa sentimita 9 hadi 23 kati ya vyuma hupitisha mwili, kichwa kikanasa. Hatari hiyo mtoto haioni, ni kazi yako. Urefu anauona mwenyewe: aamue apande hadi wapi, na msimnyanyue kumweka juu.