Dagaa wa Tanganyika: ni joto au ni nyavu?

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili na naandika mapitio ya tafiti kuhusu mabadiliko ya tabianchi na Ziwa Tanganyika. Makala moja inasema joto limepunguza samaki kwa asilimia 30. Nyingine inalaumu uvuvi. Msimamizi anataka niseme ipi ni sahihi. Nifanyeje?

JIBU: Usikimbilie hitimisho. Fungua sehemu ya mbinu katika kila makala uone walipima nini hasa.

Hiyo asilimia 30 naifahamu, imenukuliwa mpaka imechakaa. Inatoka kwa O'Reilly na wenzake, jarida la Nature, 2003. Haikupatikana kwa kuhesabu samaki. Walichukua tope la sakafu ya ziwa, wakapima isotopu za kaboni zilizomo (atomi za kaboni zenye uzito tofauti), wakakadiria kuwa uzalishaji wa mwani umeshuka kwa takriban asilimia 20. Ile 30 ya samaki ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio hayo.

Hoja yao, hata hivyo, ina mashiko. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea kama mafuta kwenye mchuzi. Upepo wa kusini, unaovuma Mei hadi Septemba, hushindwa kuyakoroga vizuri. Virutubisho vinabaki vilindini, na ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470. Mwani ukikosa chakula, njaa humfikia dagaa.

Upande wa pili wamo Sarvala na wenzake, 2006, walioona kuwa ushahidi wa joto hautoshi na kwamba uvuvi unaweza kueleza mengi. Hapa uwe macho na takwimu za mavuno. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wengi hawaingii ziwani. Beseni zikipungua mwaloni, huenda samaki wamepungua, huenda mitumbwi imeongezeka ikagawana walewale, huenda karani anayeandika mavuno alichelewa kufika. Na ukilinganisha miaka, kumbuka kuwa 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei.

Utafiti uliosogeza mjadala, kwa maoni yangu, ni wa Cohen na wenzake, jarida la PNAS, 2016. Walisoma mabaki ya samaki na makombe kwenye tope, wakaona upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20. Nyavu haziwezi kulaumiwa kwa kilichotokea kabla hazijatupwa. Lakini hilo haliziondolei lawama kwa yaliyofuata.

Kwa hiyo mweleze msimamizi kwamba makala hizo hazijibu swali moja. Chora jedwali: kilichopimwa, kipindi, sehemu ya ziwa, na kilichokisiwa tu. Na ukinukuu ile ya 2003, andika "wanakadiria", usiandike "wamegundua".