Harusi ya watu hamsini Lubumbashi, na mimi niko Liège

*Shangazi, jambo sana. Ninaishi Liège, huu ni mwaka wa sita. Mchumba wangu yuko Kampemba, Lubumbashi. Nimepata likizo ya siku 21 mwezi wa saba, nasi tunataka harusi ya watu 50, basi. Mama anataka 300, anasema nitamwaibisha mtaani. Mjomba naye anasema wapeleke mahari na picha yangu, wamalize hata ndoa ya serikali huko komini, mimi nije kula tu. Nifanyeje? Mwana wa Kampemba.*

Mwanangu, mjomba wako amepata nusu. Mahari yanaweza kutangulia bila wewe, komini haiwezi. Sheria ya familia ya Kongo inataka kila mmoja wenu akubali ndoa yeye mwenyewe. Kuwakilishwa na mtu ni kwa ruhusa ya hakimu wa mahakama ya amani, tena kwa sababu nzito, na likizo fupi si sababu nzito. Halafu siku mkeo atakapoomba viza ya kukufuata, Wabelgiji watachunguza kama ndoa ni ya kweli. Ndoa ambayo bwana arusi hakuwepo wataitilia shaka mapema sana.

Wazo la mjomba litumie pale linapofaa. Sheria hiyo hiyo inasema ndoa haifungwi kama mahari hayajatolewa, walau sehemu. Basi wazee wako waende mwezi wa tano, na picha yako kama ndiyo desturi yenu. Kabla ya kutuma hata dola moja, uliza nani anapokea. Kwa Wabemba na Walamba mjomba wa binti ana neno zito, kwa Waluba wa Katanga ni upande wa baba. Ukimpa asiyehusika, utalipa mara mbili. Orodha iwe ya maandishi, suti ya baba, vitenge vya mama, mbuzi na vingine. Siku ya kupeleka, waandike kilichotolewa na kilichobaki, pande zote mbili zitie sahihi. Komini itaiuliza karatasi hiyo.

Sasa siku 21, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Etasivili, yaani ofisi ya komini inayoandikisha ndoa, wanabandika tangazo la ndoa mlangoni kwa siku 15 kabla ya kuifunga. Ukitua uwanja wa ndege wa Luano Jumamosi, ukapeleka dosie, yaani faili la ndoa, Jumatatu, tayari uko wiki ya tatu, na karatasi moja ikikosekana tiketi yako ya kurudi imekwisha. Mchumba aende komini ya kwake mwezi wa sita mwanzoni, aulize orodha yao kamili na kama anaweza kuanzisha dosie peke yake. Andaeni vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, picha, shahidi mmoja kila upande na cheti chako cha useja. Cheti hicho, kama bado una pasipoti ya Kongo, kiombe ubalozi wetu Brussels. Kama umeshachukua uraia wa Ubelgiji, kiombe kwa Wabelgiji, na usisahau kwamba Kongo haikubali uraia wa pili: utaomba viza ya kuingia kwenu. Kadi ya homa ya manjano iwe mkononi, na sindano iwe imepita siku 10.

Karani akianza kuandika, weka pasipoti mbele yake. Tshibanda na Chibanda mtaani ni mtu mmoja, kwenye meza ya viza ni watu wawili. Someni herufi kwa herufi kabla ya sahihi, kwa sababu kosa likishaingia kwenye cheti, kulitoa ni kazi ya mahakama. Siku hiyo mtaulizwa pia habari ya mali: kila mtu na yake, mtakayochuma pamoja, au yote pamoja. Mkinyamaza, mnahesabiwa mmechagua ya pili. Kama una kiwanja chako, zungumzeni kabla, si mbele ya afisa.

Haya, mama. Usibishane naye hesabu. Kinachoikuza harusi ni michango: aliyechanga ana haki ya kiti, na atakuja na mkewe na shemeji yake. Usiunde komite, usipokee mchango wa mtu, hata wa tajiri wako. Kisha mpe mama viti 12 achague mwenyewe, bila wewe kuuliza nani na kwa nini. Majirani waje kesho yake uani kwake, wawasalimie maharusi kwa soda na karanga. Huko hata 200 hawakusumbui, na yeye heshima yake imesimama.

Watu 50 pikia 60, maana wapishi, madereva na mpiga picha nao wanakula. Unga wa bukari (ugali) kilo 10, mchele kilo 5, kuku 15 wakikatwa vipande vinane wanatoa viwili kila mtu. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, isikose. Wanywaji 30 kwa chupa tatu ni kreti 8 za chupa 12. Patana na depo kwamba zisizofunguliwa zitarudi. Mvua haitakusumbua mwezi wa saba, ila usiku ni baridi kweli, kwa hiyo anzeni saa sita mchana. Kodi jenereta hata kama umeme unawaka asubuhi.

Dola zako ziwe za toleo jipya, safi, zisizokunjwa. Noti iliyochanika pembeni kidogo tu, muuza kuku ataikataa.

Na tiketi ya mkeo usiinunue sasa. Cheti cha ndoa kitahalalishwa kwanza na wizara ya mambo ya nje Kinshasa, kisha ubalozi wa Ubelgiji, ndipo ombi lake lianze, na hilo ni la miezi. Chukueni nakala kamili tatu komini kabla hujaondoka, maana kuzifuata ukiwa Liège kutakugharimu zaidi ya wale kuku.