Kitenzi cha Kiholanzi lopen (kutembea): ni "heb gelopen" au "ben gelopen"?
Zote mbili ni sahihi, ila kila moja ina mahali pake. Ukitaja unakoelekea, tumia zijn (kuwa), ambayo kwa ik (mimi) ni ben: ik ben naar huis gelopen, nimetembea hadi nyumbani. Ukieleza shughuli yenyewe, tumia hebben (kuwa na), ambayo kwa ik ni heb: ik heb twee uur gelopen, nimetembea saa mbili nzima.

Wakati uliopo: ik loop, jij loopt, hij loopt, wij lopen. Ukiuliza, t ya jij (wewe) hudondoka: loop jij? Hapo ndipo wengi hukosea. Wakati uliopita ni liep, wingi liepen. "Loopte" haipo kabisa. Na angalia ulipo: Uholanzi lopen ni kutembea, lakini Ubelgiji mara nyingi ni kukimbia. Lopen pia huweza kuwa kudumu. Het contract loopt tot juni: mkataba unadumu hadi Juni.