Maswali ya Wasomaji: Anwani za wateja

SWALI: Nina jedwali la wateja wa mbegu, Lindi na Mtwara. Anwani zimeandikwa kila namna: “SLP 45”, “Box 45”, “S.L.P.45 Rahaleo”. Programu inawezaje kuzinyoosha? – Msomaji, Lindi

JIBU: Kwanza iache safu ya anwani asilia bila kuigusa, matokeo yaingie safu mpya: sanduku, mtaa, kata, wilaya, mkoa, postikodi. Iamuru programu igeuze “Box”, “SLP” na “Sanduku la Posta” kuwa “S.L.P.” pale tu namba inapofuata. Sharti hilo la namba ni muhimu.

Kazi ngumu ni majina ya mahali. Rahaleo ni kata Lindi mjini na pia Mtwara mjini. Nachingwea ni wilaya, tena ni kata ya Lindi mjini! Kwa hiyo usilinganishe kata peke yake; linganisha kata, wilaya na mkoa kwa pamoja. Postikodi ina tarakimu tano: ikianza na 65 ni Lindi, 63 ni Mtwara. Isipopatana na mkoa ulioandikwa, programu isibahatishe, iweke alama tu. Mteja wa mstari huo mpigie simu. Libpostal, programu ya kuchambua anwani, ni ya bure, ila ijaribu kwanza kwa anwani 50 za kwako.