Maswali na Majibu: Mwani wa mama mdogo unageuka mweupe, nimpelekee dawa gani?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Mama yangu mdogo analima mwani aina ya kotonii huko Micheweni, Pemba, na kazi hiyo ndiyo iliyomsomeshea watoto wake. Kwa misimu miwili sasa, kaskazi inapokaza, mwani wake hugeuka mweupe sehemu sehemu, hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na maji. Majirani zake wana kilio hicho hicho. Kuna mfanyabiashara hapa mjini anayeuza dawa ya maji ya mwani, chupa ya lita moja kwa shilingi 35,000, na anasema inaua ugonjwa huo na kuukuza mwani kwa wiki tatu tu. Nimeweka akiba ya kununua chupa kumi. Je, nizitume mapema, au nianze na mbolea ya urea? Na kipimo chake ni kipi kwa shamba la mita 30 kwa 30?

JIBU: Marahaba. Kipimo unachokiuliza hakipo kwa sababu dawa yenyewe haipo. Hakuna kimiminika kinachoponya mwani uliokwisha kufungwa kwenye kamba baharini, wala hakuna mbolea ya kuumwagia, na hizo shilingi 350,000 ulizodunduliza nakuomba uzizuie mpaka umalize kusoma. Maswali ya namna hii hunifikia kila mwaka kuanzia Desemba hadi Machi, na karibu yote hutoka kwa watu kama wewe, wenye mapenzi ya kweli kwa jamaa zao wa visiwani, walio mbali na shamba na karibu na muuzaji.

Tuanze na hesabu, maana muuzaji wako ama hakuifanya ama aliifanya akanyamaza. Shamba la mita 30 kwa 30 lina mita za mraba 900. Hata maji yakiwa yamepwa na kubaki ya magotini, tuseme sentimita 40, juu ya shamba hilo kuna lita 360,000 za maji. Chupa zako kumi zikimiminwa zote kwa pamoja, kila lita moja ya dawa italazimika kufanya kazi ndani ya lita 36,000 za bahari. Maji hayo nayo hayatulii. Katika bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kupwa na kujaa katika visiwa vyetu hupita mita tatu, na safari hiyo ya maji huchukua muda wa saa sita hivi. Kabla mama yako mdogo hajafika nyumbani na kuvua nguo zilizolowa, dawa yake itakuwa imekwisha kutawanyika mkondoni.

Hata hivyo, si hesabu inayonisumbua zaidi. Kinachonisumbua ni neno "ugonjwa" lilivyokaa vichwani mwa watu, kana kwamba mwani umeambukizwa kitu kilichotoka mahali fulani na kinachongoja kuuawa. Weupe ule, ambao huko Asia ulipewa jina la barafu, huanza pale mmea unapozidiwa na mazingira. Kotonii hupendelea maji ya nyuzijoto 25 hadi 30. Sasa zingatia saa za bahari yetu: wakati wa bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa linapanda, na yale machache yanayobaki juu ya mchanga mweupe huchemka hadi kupita nyuzi 33. Kaskazi ndio msimu wa joto, na katika siku za shwari mawimbi huwa hafifu mno kuyachanganya maji hayo. Masika nayo huja na shida nyingine, kwani mvua kubwa hupunguza chumvi ya maji ya pwani. Mmea uliochoka hivyo hupoteza rangi, na hapo ndipo bakteria, ambao wapo baharini siku zote, huingia kwenye sehemu iliyolegea na kuiozesha. Ukifika shambani na kuwakuta bakteria hao, utawaona kama wauaji, ilhali wao wamekuja kwenye msiba uliokwisha tokea. Kuwaua, hata kama ingewezekana, hakupunguzi joto la maji kwa nyuzi hata moja.

Laiti dawa ingalikuwapo, Unguja ingaliipata kwanza. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya miaka mingi ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kotonii imekuwa ikifa katika maeneo mengi ya Unguja, na wanawake wa huko wakalazimika kubaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani, ambayo huvumilia zaidi lakini hununuliwa kwa bei ndogo zaidi. Wanawake hao wana akili, wana vikundi, na wamepitiwa na watafiti kutoka pande zote za dunia. Haiwezekani chupa ya kuwaokoa iwe imekaa miaka yote hiyo isionekane, kisha iibuke kwenye meza ya mtu anayeuza pia dawa ya kuku.

Kuhusu urea nitasema machache. Mwani hauna mizizi ya kunyonya mbolea ardhini, bali hujilisha kwa mwili wake wote kutoka kwenye maji yanayopita, na ndiyo maana mkondo wa wastani ni bora kuliko mfuko wowote wa mbolea. Ukiongeza naitrojeni katika maji ya kina kifupi yanayokwenda polepole, watakaonufaika kwanza ni magugu membamba kama nyuzi, ambayo hukua haraka kuliko kotonii, huizingira, huinyima mwanga na kuishushia thamani. Isitoshe, eneo hilo hilo la majani ya bahari ndimo mama yako mdogo na majirani zake wanamotafuta pweza na chaza wa kitoweo, na ndimo samaki wadogo wanamokulia. Sumu au mbolea inayomwagwa hapo inamwagwa kwenye jiko lao.

Muuzaji anaweza kukujibu kwamba huko Ufilipino mbegu huchovywa kwenye dawa. Ni kweli nusu, na nusu ya kweli ndiyo inayowaponza watu. Wapo wanaochovya mbegu changa kwenye utomvu uliotengenezwa kwa mwani wa aina nyingine wa bahari za baridi, kwa kipimo na muda maalumu, kabla ya kuzipanda, ili ziwe na nguvu. Hilo hufanyika ndani ya beseni au kitaluni. Halijawahi kuwa tiba ya mwani uliokwisha kuwa mweupe baharini. Mimi mwenyewe nimeshikishwa chupa ya "dawa ya mwani" ambayo, nilipoibandua karatasi ya juu, niliikuta chini yake lebo ya virutubisho vya nyanya, na nyingine iliyokuwa ikinuka klorini waziwazi. Klorini huufanya mwani uwe mweupe kabla hata joto halijafika.

Basi mama yako mdogo afanye nini? Weupe ukianza kuonekana, asingoje siku 45 zitimie. Avune mapema sehemu iliyo nzima, aikaushe peke yake bila kuichanganya na iliyooza, kwa kuwa kilo nane hivi za mwani mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu, na kila kilo inayochukuliwa na maji ni hasara isiyorudi. Ubora wa mwani mchanga huwa chini kidogo, lakini unauzika. Aanike juu ya chanja, si mchangani, na aufunike mvua inapokuja, kwani maji ya mvua huharibu ule ute ambao viwanda vinaununua. Mbegu za msimu ujao asizitoe kabisa kwenye shamba lililougua. Mwani huu hupandwa kwa vipande, kipande hutoka kwenye kipande, na udhaifu wa mmea mama huhamia kwa watoto wake. Achague ncha changa, ngumu, zenye rangi iliyokolea, za gramu 100 hivi kila fungu, azisafirishe zikiwa na unyevu na kivuli, na azifunge kwa tai-tai, vile vikamba vyembamba vya kufungia, bila kuzikaba.

Jambo kubwa kuliko yote ni mahali. Shamba la mambo, yaani vigingi, na kamba linalobaki kwenye maji ya magotini wakati wa kaskazi litaendelea kuugua, hata likitunzwa na malaika. Dawa pekee ninayoijua ya joto ni kina: kuzihamisha kamba, walau katika miezi hiyo, hadi mahali ambapo maji hayapungui mita mbili hata yakipwa, ziwe zinaelea kwa maboya na kushikiliwa na nanga. Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoko Zanzibar na ambayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi pamoja na wakulima wenyewe, kwa kamba za kuelea na kwa nyavu za umbo la mirija zinazozuia mwani kukatika na kupotea. Kilimo cha namna hii kina gharama ambayo watu wa mbali huisahau: kinahitaji chombo, na kinahitaji kuogelea. Wengi kati ya wakulima wa mwani Zanzibar ni wanawake, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea utotoni. Kumwambia mwanamke wa miaka 50 ahamie kwenye maji marefu bila boti, bila jaketi la kuokolea maisha na bila mtu wa kumfundisha ni kumpeleka kwenye hatari kwa jina la maendeleo. Kwa hiyo jambo hili ni la kikundi. Mama yako mdogo na wenzake wakiunganisha nguvu, wakaenda kwa maofisa wa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi waliopo Pemba, watasikilizwa kuliko akienda mmoja mmoja.

Nawe una shilingi 350,000. Mnunulie viatu vya mpira vinavyofunika kifundo cha mguu, kwa sababu wakulima hawa hukanyaga miiba, mawe na hata samaki aina ya taa waliojifukia mchangani. Mnunulie kofia pana na miwani ya jua, maana mwanga unaorudishwa na maji na mchanga huumiza macho kwa miaka, na wengi hudhani ni uzee. Mnunulie glavu, kwani kuna magugu ya baharini yanayowasha ngozi hadi kutoa vipele. Zinazobaki ziwe za kamba mpya, turubai na mbao za chanja. Ukitaka kumsaidia zaidi, mlipie kijana mmoja wa kubeba magunia ya mwani mbichi kutoka majini hadi nchi kavu siku za mavuno. Migongo ya wanawake hawa imebeba zao hili tangu 1989, na hakuna anayeihesabu migongo hiyo anapopanga bei.

Nimekaa na suala lako kuliko ilivyo kawaida yangu kwa sababu halikuhusu peke yako. Kiuatilifu chochote kinachouzwa kihalali Tanzania Bara kinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na lebo yake hutaja zao, kipimo na tahadhari. Chupa isiyo na namba ya usajili na isiyotaja zao ni maji ya rangi mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwe inauzwa kwa ajili ya mwani wa Micheweni, mikarafuu ya Wete au minazi ya Mafia. Wauzaji hawa wamegundua kwamba mteja mzuri kuliko wote ni mwana aliye mjini: ana huruma, ana simu ya kutuma pesa, na hataliona shamba. Dawa ikishindwa, lawama humwangukia mkulima, kwamba hakufuata maelekezo. Nimewaona wanawake wakiomba radhi kwa wana wao kwa sababu dawa iliyoletwa kwa gharama kubwa haikufanya kazi, na hilo huniudhi kuliko hasara yenyewe ya fedha.

Onyo hili linawahusu pia wanaouza "mbegu mpya zisizougua" ndani ya mifuko ya plastiki. Mbegu inayohamishwa kutoka bahari moja hadi nyingine bila kukaguliwa hubeba magugu na viumbe vyake, na vikishaingia kwenye ghuba haviitwi vikarudi. Anayetaka mbegu nzuri aipate kwenye shamba lililo zima la kisiwa hicho hicho, na aione kwa macho yake kabla ya kuilipia.

Mpigie mama yako mdogo kabla ya bamvua lijalo. Muulize maji yanamfika wapi mwilini yanapopwa kabisa shambani kwake, na kama ukingo wa shamba ulio upande wa mkondo huathirika kidogo kuliko upande wa ufukweni. Akikujibu ndiyo, basi aanze kwa kuzihamishia upande huo kamba tano tu, azilinganishe na zile zilizobaki kwa mzunguko mmoja wa wiki sita, kisha aniandikie kupitia kwako alichokiona.