Umefunga siku tatu na hujasikia kitu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo asubuhi mama yako akiwa jikoni. Unasema umepata kazi Mwanza, mshahara unauzidi wa hapo Dar es Salaam karibu nusu, na wanataka jibu Ijumaa. Umefunga siku tatu, hujasikia kitu. Kiongozi wa kikundi chenu cha maombi anakwambia usitie saini mpaka usikie sauti. Mwenzako wa ofisini anakwambia Mungu alishakupa akili, itumie. Nawe unaniuliza: Baba, hivi Mungu anajishughulisha na mambo kama haya? Na kama anajishughulisha, nitajuaje kwamba ni yeye?

Anajishughulisha. Hilo sina shaka nalo hata kidogo. Hilo la pili ndilo litakalonichukua karatasi, na inabidi nianze na jambo ambalo hatukuwahi kuwaeleza ninyi watoto.

Nilipostaafu ualimu, sehemu ya kiinua mgongo changu niliinunulia kibanja. Nilikwenda peke yangu Jumamosi moja. Nilichota udongo nikausugua kiganjani: mweusi, una unyevu, unanukia majani yaliyooza. Nilihesabu migomba, nikainamisha matawi ya mibuni kuona yamezaa namna gani. Karatasi ya muuzaji ilikuwa na muhuri. Jioni nikapiga magoti kama kawaida yangu, nikawaombea ninyi, nikawaombea wagonjwa, nikaomba mvua. Kibanja sikukitaja. Wala mama yako sikumwambia. Baada ya miezi minne akatokea mtu mwenye karatasi iliyoitangulia yangu, na fedha ile sijaiona tena mpaka leo.

Fungua Yoshua sura ya 9, uisome polepole. Wagibeoni, wenyeji wa nchi ambayo Israeli wanaiingia, wanakuja na mkate mkavu ulioingia ukungu, viriba vilivyoraruka, viatu vyenye viraka, wanadai wametoka nchi ya mbali. Watu wa Israeli hawakuwa wajinga. Walivikagua vile vyakula kama nilivyousugua mimi ule udongo, na macho yao yaliona sawasawa: mkate ulikuwa na ukungu kweli. Biblia haiwalaumu kwa kukagua. Inasema hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana. Siku tatu baadaye wakagundua kuwa hao ni majirani, na kiapo cha amani nao kilikuwa kimeshaapwa.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Mimi sikuomba nikasikia vibaya. Sikuomba, kwa sababu nilijua nikikitaja kibanja mbele za Mungu nitalazimika kukitaja na mezani, na mama yako angeniuliza kwa nini bei iko chini hivyo. Swali hilo lilikuwa tayari moyoni mwangu. Nililikanyaga. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na naamini ile ndiyo iliyokuwa sauti, nami nilikuwa nimeshaisikia kabla sijatoa hata shilingi.

Bibi yako angenishika siku ileile. Alikuwa mtu wa Uamsho, wale Wakristo wa toba na kuungama waliopata moto ulioanzia Uganda na Rwanda. Mwaka 1929, pale kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari mmisionari wa Gahini, Rwanda, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Moto ule ukavuka mipaka ukafika na huku kwetu Bukoba. Wewe unaujua kwa wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, yaani tunakusifu. Lakini wimbo ukiisha, watu walikuwa wanaweka mambo yao nuruni. Bibi yako hakuuza ng'ombe wala hakuposesha binti bila kulileta jambo kwa ndugu wa Uamsho. Nilikuwa mdogo, nimekaa mkekani nimeegemea gunia la buni, nikimsikia mzee mmoja akimuuliza kila mara swali lilelile: "Nani hajui?" Basi. Hakuulizwa kama ameota ndoto. Kama kulikuwa na mtu anayehusika ambaye bado hajaambiwa, jambo lilisubiri. (Nao walikosea mahali pengine, sifichi. Wako waliokuja kuugeuza ushauri kuwa sheria, hata kukopa benki kukawa dhambi. Hilo usilichukue.)

Kwa hiyo nakuuliza nawe: nani hajui? Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Mshahara umeutaja mara tatu. Kazi yenyewe, utakachofanya kuanzia asubuhi hadi jioni, hukuitaja. Na hukuniambia kwa nini unataka kuondoka hapo ulipo. Sikulaumu, mwanangu, lakini naona mahali palipofunikwa, na ningekuwa wewe ningeanza kuombea hapo, kwa kutamka mambo kwa majina yake.

Kuhusu ukimya usiogope. Paulo, katika Matendo 16, hakungoja nyumbani mpaka apewe ramani. Alikuwa njiani. Akazuiwa Asia, akajaribu Bithinia, akazuiwa tena, mpaka akafika Troa ndipo akaona maono ya mtu wa Makedonia. Tena tazama: maono aliyaona peke yake usiku, lakini waliopata hakika kwamba Mungu amewaita wanaandikwa kwa wingi, "tuliona hakika". Na wale wanaokushauri umtegee Mungu ngozi ya kondoo kama Gideoni, aliyeomba umande uwe ishara juu yake, waambie Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Ngozi ilikuwa hofu yake, na Mungu akamvumilia.

Na yale madogo ya kila siku, ninayemwangalia ni Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Mfalme anamuuliza anataka nini, naye kabla ya kujibu anamwomba Mungu wa mbinguni, papo hapo amesimama na huzuni yake usoni. Ombi la pumzi moja. Lakini nyuma yake kulikuwa na siku za kufunga na kulia, tena miezi kama minne ilikuwa imepita, toka mwezi wa Kiyahudi wa Kisleu mpaka ule wa Nisani. Ukizoea kumwambia Mungu mambo yako ya Jumatatu na Jumanne, ya bosi na ya kodi ya nyumba, Ijumaa hutahitaji ngurumo.

Mama yako anasema tusikupe jibu la nenda au usiende, na mimi nakubaliana naye. Nipigie Alhamisi saa mbili usiku. Tutaiweka simu mezani katikati yetu, utuambie kwa nini unataka kuondoka Dar es Salaam, yote, hata lile unaloona aibu kulisema. Kisha tutaomba.

Baba yako